Shajara ya mradi: dondoo za majani na seli nyekundu za damu, tulipofikia mpaka sasa

Kwa wanaoingia leo

Wadau, wengi mmekuwa mkiuliza huu mradi unahusu nini hasa, basi kwa kifupi tunachukua majani ya mimea ambayo watu wanaitumia kama dawa, tunatengeneza dondoo, halafu tunaangalia kama hiyo dondoo inaikinga seli nyekundu ya damu isipasuke pale inaposhambuliwa. Mimea yetu ni mitatu, mlonge, mpera na mwarobaini. Na swali linaloninyima usingizi siyo "je, inakinga?", maana kwenye tyubu karibu kila jani la kijani litakupa namba fulani ya kukinga, swali ni je hiyo namba imetoka kwenye seli kweli au imetoka kwenye kitu kingine kilichomo humo humo ndani ya tyubu.

Kwanini seli nyekundu? Kwasababu haina njia ya kujitengeneza upya. Haina kiini, haina mitokondria, haiwezi kuunda protini mpya, kwahiyo ikiumia ndo imeumia, inazunguka na hilo jeraha mpaka zile siku zake kama 120 ziishe. Upana wake ni maikromita 7 mpaka 8 na kuna vimishipa inapita ambavyo ni vyembamba kuliko yenyewe, inajikunja inapita, ndo maana utando wake lazima ubaki laini. Halafu imebeba chuma na oksijeni sehemu moja, na hivyo viwili vikikaa pamoja kuna kiasi kidogo cha hemoglobini (ile protini nyekundu inayobeba oksijeni) kila siku kinageuka methemoglobini, aina isiyoweza kubeba oksijeni, na kuachia supaoksaidi, aina ya oksijeni yenye madhara, yaani shambulio linaanzia ndani kwake kabla hata hujaweka kemikali yoyote. Ulinzi wake ni glutathioni, katalesi, na vitamini E iliyokaa kwenye utando. Sisi tunauliza kama jani linaongeza chochote juu ya huo ulinzi.

Majani

Hii hatua nitaipita haraka ingawa imekula muda mwingi. Majani yamethibitishwa na mtaalamu wa mimea na sampuli zake zimehifadhiwa, maana bila hivyo mtu mwingine hawezi kurudia kazi yako, jina la kienyeji peke yake halitoshi. Tumeyakausha kivulini, siyo juani, tumesaga, halafu kila mmea tumeutolea dondoo mbili, moja ya maji ya moto na nyingine ya ethanoli asilimia 70. Maji kwasababu ndivyo watumiaji wengi wanavyofanya, wanachemsha, na ethanoli kwasababu inatoa flavonoidi nyingi (kundi la kemikali za mimea) ambazo maji peke yake yanaziacha. Ethanoli tumeivukiza kwa vakyumu kwenye nyuzi 40 tu ili tusiunguze vilivyomo, halafu zote zimekaushwa kwa baridi mpaka zikawa unga. Tunapima unga kwa mizani, tunayeyusha upya, hapo ndo unaweza kusema mikrogramu ngapi kwa mililita, siyo "kijiko kimoja".

Vipimo vya awali: tulitikisa na maji tuone povu, kwa ajili ya saponini, na tuliweka feri kloraidi tuone rangi, kwa ajili ya tanini. Mpera uligeuka bluu nyeusi papo hapo, tanini zimejaa. Mwarobaini ulitoa povu lililokaa. Mlonge povu kidogo, rangi kidogo. Shikeni hivi vitu viwili, povu na ile rangi nyeusi, maana ndo vimeamua karibu kila kitu kilichofuata.

Damu

Damu tunayotumia ni ya watu wazima waliojitolea na kusaini ridhaa, na kibali cha maadili kilitoka kabla ya sindano ya kwanza. Kila anayeigusa amevaa glavu na amechanjwa homa ya ini aina ya B, hapo hakuna mjadala.

Damu inaingia kwenye tyubu yenye EDTA isigande, inazungushwa kwenye sentrifuji mizunguko 3000 kwa dakika kwa muda wa dakika 10, plazima inatolewa pamoja na ule utando mweupe wa chembe nyeupe na chembe sahani, halafu seli zinaoshwa mara tatu kwa bafa ya fosfeti yenye pH 7.4. Pipeti polepole jamani. Ncha nyembamba na mkono wenye haraka vinapasua seli, na seli iliyopasuliwa na pipeti inaonekana sawasawa kabisa na seli iliyopasuliwa na kemikali, mashine haitakwambia tofauti.

Kitu kingine ambacho protokali nyingi zinakipita kimya ni glukosi. Seli nyekundu inategemea glukosi kwa kila kitu, na ule mzunguko wa G6PD, kimeng'enya kinachoitumia hiyo glukosi, ndo unaoipa NADPH, ile molekuli ya kurudisha glutathioni katika hali yake ya kufanya kazi. Ukiziacha seli kwenye bafa isiyo na glukosi kwa masaa kadhaa unapima seli yenye njaa, ulinzi wake wa asili umezimwa, na dondoo yoyote utakayoweka itaonekana shujaa. Sisi tumeweka milimola 5 kwa lita, karibu na kiwango cha kawaida cha damu. Kontroli zetu, yaani tyubu za kulinganishia zisizo na dondoo, zilitulia sana baada ya hapo, na mi naona hii ingekuwa kawaida kwa kila anayefanya kazi hii.

Kabla ya kinga, madhara

Hapa ndo mahali ambapo nina msimamo mkali. Kabla hujauliza dondoo inakinga vipi, iweke na seli peke yake, bila shambulio lolote, uone inafanya nini. Tumeweka viwango kuanzia mikrogramu 10 mpaka 500 kwa mililita, nyuzi 37, halafu tunazungusha na kusoma maji ya juu kwenye spektrofotomita, nanomita 540, ambapo hemoglobini iliyovuja inaonekana. Tyubu ya sifuri ni seli na bafa tu, tyubu ya mia ni seli kwenye maji yaliyochujwa yasiyo na chumvi, zote zinapasuka. Asilimia ya kupasuka ni usomaji wa sampuli ukitoa ule wa sifuri, gawanya kwa usomaji wa mia ukitoa ule ule wa sifuri, zidisha kwa 100.

Ila kuna tyubu nyingine ambayo lazima iwepo, dondoo peke yake bila seli, kwa kila kiwango. Dondoo ya majani ina rangi. Ile kahawia ya mpera kwenye viwango vya juu inafyonza mwanga kwenye 540 kiasi cha kutosha, usipoitoa unaweza kusema dondoo inaua seli wakati ni rangi yake tu.

Matokeo: mlonge wa maji, salama kwenye viwango vyote tulivyoweka, hauna tofauti na kontroli. Mlonge wa ethanoli vivyo hivyo. Mwarobaini wa ethanoli kwenye viwango vya juu, maji ya juu yakawa ya pinki, unaona hata kwa macho bila mashine. Lile povu. Saponini zinashikana na kolesteroli iliyoko kwenye utando wa seli, zinaacha matundu, hemoglobini inatoka. Siyo kwamba mwarobaini mzima ni sumu kwa damu, nasema dondoo hii, kwa kiwango hiki, kwenye seli zilizooshwa ambazo hazina plazima ya kuzikinga, inapasua. Kwahiyo kwenye hatua ya kinga mwarobaini tumeushusha mpaka viwango ambavyo haudhuru, hatuwezi kupima ulinzi kwa kitu ambacho chenyewe kinabomoa.

Mpera wenyewe ulikaa kimya. Maji ya juu meupe kabisa, meupe kuliko hata kontroli. Nikaandika pembeni kwa kalamu nyekundu, "kwanini chini ya sifuri?"

Shambulio

Tunatumia mashambulio mawili kwasababu yanagonga sehemu tofauti. La kwanza ni AAPH, hii kemikali ikipashwa kwenye nyuzi 37 inavunjika yenyewe na kutoa radikali za peroksili, molekuli zisizotulia zinazoshambulia nyingine, kwa kasi isiyobadilika, kutokea nje ya seli, zinakula mafuta na protini za utando. Uzuri wake ni kwamba seli haipasuki mara moja, kuna kipindi cha kusubiri ambapo vitamini E na wenzake wanatumika kwanza, wakiisha ndo mstari unapanda ghafla. Dondoo nzuri inaurefusha huo muda wa kusubiri. Kwahiyo ukisoma mara moja tu mwishoni unakosa habari nusu, sisi tunasoma kila nusu saa.

La pili ni haidrojeni peroksaidi, hii inapenya ndani. Lakini seli nyekundu imejaa katalesi, inaimeza peroksaidi kama haijaona kitu, kwahiyo lazima uizime katalesi kwa sodiamu azaidi. Na tafadhali, azaidi haimwagwi kwenye sinki, ikikutana na mabomba ya shaba au risasi inatengeneza chumvi zinazolipuka, ina chupa yake ya taka peke yake yenye lebo.

Vitamini C na Trolox, ambayo ni kama vitamini E inayoyeyuka kwenye maji, ndo viwango vyetu vya kulinganishia.

Mlonge, hasa wa ethanoli, ulirefusha kusubiri kwenye AAPH, na ukiongeza kiwango muda unaongezeka, mstari unaoeleweka. Kwenye peroksaidi athari ilikuwa ndogo zaidi. Mwarobaini kwenye viwango vyake vya chini ulifanya kitu lakini siyo cha kushangilia. Mpera ukawapita wote, ukapita mpaka Trolox, seli karibu hazikupasuka kabisa kwa mujibu wa mashine.

Watu wa kikundi walifurahi na mimi nawaelewa, grafu ilikuwa nzuri sana. Lakini ile alama yangu ya kalamu nyekundu ilikuwa bado haijajibiwa.

Ulinzi wa mpera ulikotoka

Nikachukua seli, nikazipasua zote makusudi kwa maji, nikapata hemoglobini tupu iliyoyeyuka, hakuna seli ya kukinga tena. Nikaweka dondoo ya mpera, nikaacha nyuzi 37, nikazungusha. Chini ya tyubu kukawa na mashapo ya kahawia, na maji ya juu yamepungua wekundu waziwazi. Yaani tanini zinaishika hemoglobini na kuizamisha. Tanini kazi yake ndo hiyo, kushika protini, ndo inayokausha mdomo ukitafuna jani bichi na ndo inayogeuza ngozi ya mnyama kuwa ngozi ngumu ya viatu.

Sasa fikirieni maana yake kwenye kipimo. Seli imepasuka, hemoglobini imetoka, tanini imeidaka na kuipeleka chini pamoja na mashapo, wewe unasoma maji ya juu unaona meupe unaandika "imekinga asilimia tisini na kitu". Seli imekufa na ripoti inasema mzima.

Tukaenda kwenye maikroskopu kuangalia mashapo ya tyubu za mpera. Kwenye viwango vya juu seli zilikuwa zimegandana makundi makundi, nyingine zimejikunyata, hazina lile umbo la kisahani chenye bonde katikati. Tanini zinashika protini za utando pia, kwahiyo seli inakuwa ngumu, na seli ngumu kwenye tyubu haipasuki kirahisi lakini kwenye mshipa mwembamba haipiti. Hapo ndo neno "kuimarisha utando" linanipa shida, linaandikwa kama sifa siku zote, wakati utando mgumu kwa seli nyekundu ni ugonjwa.

Kwahiyo kuanzia sasa kila tyubu tunaifanyia hesabu kamili: tunasoma hemoglobini ya maji ya juu, halafu tunapasua mashapo na kusoma iliyobaki ndani, jumla lazima ilingane na ile tyubu ya mia. Isipolingana kuna hemoglobini imepotea njiani na ile asilimia ya kinga haina maana. Na tunasoma kwa kutumia kimiminika cha Drabkin kwasababu AAPH inageuza sehemu ya hemoglobini kuwa methemoglobini ambayo usomaji wake kwenye 540 ni tofauti, Drabkin inazigeuza zote kuwa aina moja. Ina sayanaidi, kwahiyo nayo asidi isiisogelee na taka zake zinakaa mbali.

Mlonge ulipita hesabu, jumla ililingana. Mwarobaini ulipita. Mpera haukupita kwenye viwango vya juu, kwenye viwango vya chini ulikaribia.

Osha halafu shambulia

Swali lililofuata: hata huo ulinzi wa kweli wa mlonge, unatokea wapi? Inawezekana dondoo inazikamata radikali zikiwa bado kwenye maji, hazijafika kwenye seli. Hiyo ni kemia, siyo baiolojia ya seli, ungeweka seli au usingeweka radikali zingekamatwa vilevile. Kwahiyo tumeziacha seli na dondoo kwa saa moja, tukaziosha mara kadhaa mpaka maji yakawa hayana rangi, ndipo tukaweka AAPH.

Sehemu kubwa ya kinga iliondoka na maji ya kuoshea. Kubwa kweli. Lakini haikuisha, mlonge wa ethanoli uliacha kusubiri kurefu kidogo kuliko kontroli na hilo limejirudia kwa damu ya watu tofauti, ingawa kuna wachangiaji ambao seli zao zilionyesha kidogo sana. Mlonge wa maji karibu uliisha wote. Inaendana na tunachojua, kwasetini, mojawapo ya flavonoidi, na ndugu zake wanaopenda mafuta kiasi wanaweza kujipenyeza kwenye utando na kubaki, wale wanaopenda maji wanaoshwa.

Mi kwangu hii ndo data bora ya mradi mpaka leo, na ni ndogo kuliko ile grafu ya mwanzo. Naipenda hivyo hivyo.

Tulifanya pia kipimo cha chumvi, unaziweka seli kwenye salini kuanzia asilimia 0.9 unashuka mpaka 0.3. Seli za kawaida zinaanza kupasuka karibu na 0.5 na kwenye 0.3 zimeisha. Mlonge haukusogeza mstari, na mi nimefurahi haukusogeza, ni dalili kwamba haujaugusa ugumu wa utando. Mpera uliusogeza sana, kwa sababu zile zile za tanini.

Kuhusu viwango, kwa wanaoniuliza wanywe kiasi gani

Nimepata hili swali mara nyingi na nalijibu kwa moyo wote maana najua anayeuliza mara nyingi ana mgonjwa. Hatuna jibu la kunywa. Nitaonyesha kwanini kwa hesabu. Tuseme dondoo yangu ina kwasetini asilimia 1, na kwenye tyubu nimeweka mikrogramu 200 kwa mililita, hapo kwasetini ni mikrogramu 2 kwa mililita. Uzito wake wa molekuli ni 302, kwahiyo ni kama mikromola 6.6 kwa lita. Mtu akila mimea yenye flavonoidi, kwenye plazima zinafika kwa kawaida chini ya mikromola 1, na hata hizo zinazofika utumbo na ini vimeshazibadilisha, vimezifunga kwenye asidi ya glukuroniki au salfeti, siyo tena ile ile uliyoiweka kwenye tyubu. Juu ya hapo albumini ya plazima inazishika nyingi, na sisi plazima tuliimwaga siku ya kwanza.

Kwahiyo tyubu inatuambia jinsi kitu kinavyoweza kufanya kazi, haituambii kinafanya kazi mwilini. Mwenye upungufu wa damu anahitaji kujua kwanza upungufu umetoka wapi, chuma, minyoo, malaria, selimundu, damu inapotea mahali, kila kimoja kina tiba yake, na majani ya mradi huu siyo mbadala wa hiyo tiba.

Hina, na watu ambao seli zao si kama hizi

Kuna mdau aliandika kwamba majani ni ya asili kwahiyo hayawezi kudhuru damu. Ndugu yangu, angalia hina. Jani la hina lina losoni, ni kinoni, inapita kwenye ngozi, na kwa mtoto mwenye upungufu wa G6PD imeshasababisha seli kupasuka kwa wingi mpaka hali ya hatari, hayo yameripotiwa na madaktari sehemu mbalimbali za dunia. Kupakwa tu, siyo kunywa.

Upungufu wa G6PD siyo kitu adimu, watu kama milioni 400 duniani wanao, wengi sehemu zile zenye malaria au zilizokuwa nayo zamani. Ulijulikana mwaka 1956 pale watafiti walipofuatilia kwanini dawa ya primakwini inapasua seli za watu fulani na za wengine haiwagusi. Seli zao haziwezi kutengeneza NADPH ya kutosha, glutathioni ikitumika hairudi. Na polifenoli za majani, kundi lenye flavonoidi na tanini ndani yake, zina tabia ya pande mbili, zenyewe zikikaa kwenye maji yenye oksijeni zinaweza kujioksidisha na kutoa haidrojeni peroksaidi. Seli ya kawaida inaimeza. Seli isiyo na G6PD ya kutosha inaweza isiweze.

Wachangiaji wetu wote wamepimwa na wana G6PD ya kawaida. Kwahiyo kila "salama" niliyoandika hapo juu inawahusu wenye seli kama zao tu, naomba msiipeleke mbali zaidi ya hapo.

Iko wapi sasa

Dondoo ya mpera tumeipitisha kwenye PVPP, huu ni unga usioyeyuka unaoshika tanini na kushuka nazo, halafu tukarudia kila kitu. Feri kloraidi sasa inatoa rangi hafifu tu. Hesabu ya hemoglobini inalingana, seli kwenye maikroskopu zimetengana na zina umbo lake, mstari wa chumvi umerudi ulipotakiwa kuwa. Kinga kwenye AAPH imeshuka sana lakini ipo, iko jirani na ya mlonge wa ethanoli. Kipimo cha kuosha bado hakijafanyika kwa hii dondoo mpya, ndicho kinachofuata.

Sambamba na hapo tumeanza kupima glutathioni ndani ya seli, kwa DTNB, rangi ya njano inasomwa kwenye 412, ili tuone kama mlonge ulioachwa kwenye utando unasaidia seli kutunza glutathioni yake au unakaa tu nje kwenye mafuta. Na maombi ya kibali cha kutumia damu ya watu wazima wenye upungufu wa G6PD yameshapelekwa, kwa kiasi kidogo sana cha damu kwa kila mtu na kwa kupima madhara peke yake kwanza, kinga baadaye. Majibu yakija ntaweka hapa, yawe mazuri au yasiwe.